Paka wa Mke Wangu na Dawa ya Ndengu

Huku kwetu Kyuso, ndengu zikikubali, panya nao hukubali. Ndiyo maana mke wangu alifuga paka wa madoadoa aliyelala juu ya magunia stoo kama askari wa zamu. Mimi sikumpenda sana. Siku mke wangu alipokwenda mkutano wa akina mama wa kanisa, aliniambia yule paka anajikuna kupita kiasi, nimpeleke kwa daktari wa mifugo pale sokoni, na nisijifanye daktari mimi.

Walikuwa viroboto. Manyoya ya shingoni yalikuwa yameanza kuisha. Lakini daktari yule nilimjua kwa ng'ombe na mbuzi. Mzee mzima kama mimi kuonekana sokoni amekumbatia paka niliona ni aibu. Nikatumia akili yangu ya kidato cha nne. Ule unga wa dawa tunaochanganya na ndengu kabla ya kufunga magunia huua fukusi. Fukusi ni mdudu. Kiroboto ni mdudu. Sikuona swali lililobaki.

Nikamnyunyizia kuanzia masikioni hadi mkiani, nikamsugua mpaka ukaingia vizuri. Viroboto walianguka, nami nikajipongeza kwa chai na mkate.

Kisha paka akaanza kujilamba.

Mke wangu aliporudi alimkuta chini ya meza, anatetemeka kama kifuniko cha sufuria inayochemka, mate yakimtiririka. Jirani yetu alikuwa amekuja kuazima jembe na tayari alikuwa nalo mkononi. Alichungulia chini ya meza, akasema hicho ni kichaa cha mbwa, huyo paka amalizwe kabla hajauma mtu. Nikaona amebadilisha namna ya kulishika jembe.

Nami nilinyamaza. Kichaa kilinifaa, maana hakuna ambaye angeuliza kimetoka mkononi mwa nani. Mpaka leo ukimya ule unaniuma kuliko ule unga.

Mke wangu alisimama kati ya jembe na meza, akasema paka wake atamalizwa na daktari au hatamalizwa. Akamviringisha kwa leso, akamtia kwenye kiondo, tukapanda pikipiki. Niliomba nishike kiondo, akakataa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alivaa glavu, akauliza kama paka amechanjwa. Hajachanjwa. Amegusa au amekula sumu yoyote? Mke wangu akasema hajui. Daktari akashusha pumzi, akaeleza kwamba kama hakuna sumu, basi lazima ashuku kichaa, na kichaa kikishaonyesha dalili hakina tiba. Mke wangu akaingiza mkono kwenye kiondo, akaanza kumuaga paka kwa Kikamba, taratibu, kama anavyowaaga wajukuu.

Nikatazama mkono wa koti langu. Ulikuwa mweupe kwa unga.

"Nilimpaka dawa ya ndengu," nikasema.

"Kiasi gani, mzee?"

"Kama ya gunia moja."

Mke wangu aligeuka polepole. "Gunia. Na mdomo je, ulimshona?"

Daktari alitazama ukuta kidogo, mabega yakimcheza, kisha akafanya kazi haraka. Alimwosha paka kwa sabuni na maji ya vuguvugu, akarudia, akamdunga sindano, akamfunika apate joto. Huku akinifundisha: paka hujilamba, kwa hiyo ukimpaka kitu umemlisha. Dawa ya viroboto ya paka ipo, na hata ya mbwa inaweza kumuua. Mnyama akitetemeka, akitokwa mate, akihema kwa shida au akikataa chakula siku nzima, mlete, usingoje.

Kisha akaniuliza, "Na wewe, ulinawa mikono?"

Nilikumbuka ule mkate. Nikaanza kutetemeka mwenyewe, na hakuna aliyenifunika.

Paka alipona, akachanjwa, akarudi kwenye magunia. Nikiingia stoo yeye huhamia gunia la mbali zaidi. Siku ya soko humletea omena, naye hula nikishatoka.

Mke wangu bado huenda mikutano yake. Dawa ya ndengu sasa hukaa kabatini kwa kufuli, na akisafiri ufunguo humwachia jirani, yule wa jembe.