Nyimbo Mbili za Jina Moja

Niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba nyimbo mbili zenye jina moja zikiwekwa kwenye kaseti moja hulana. Muuza betri, jirani wa duka letu pale mtaa wa Muhima, ndiye aliyenieleza: zinaanza kumezana sauti kidogo kidogo, mwisho unabaki na kaseti inayovuma upepo mtupu. Alisema kaka yake wa Bujumbura alipoteza gunia zima la kaseti kwa njia hiyo. Nami, mhitimu wa shule ya jioni, mwenye cheti kikubwa kama mlango wa kanisa, sikuuliza hata swali moja.

Kazi yangu ilikuwa kunakili muziki. Mteja alileta kaseti yake iliyochoka, nami namhamishia nyimbo kwenye mpya. Ya zamani ilibaki dukani kama sehemu ya malipo, tukaifuta na kumrekodia mwingine. Majina niliyaandika mwenyewe kwenye karatasi ya kasha, kwa mwandiko ambao waziri yeyote wa kule Kacyiru, kwenye ofisi za serikali, angeuonea wivu. Nilipenda majina mafupi. "Sehemu ya pili", "bila waimbaji", "ya harusini": hayo yote niliyaona magugu, nikayafyeka.

Siku moja akaja mama mmoja aliyekulia Burundi, muuza vitenge. Kaseti yake ilikuwa ya kwaya ya parokia aliyoifundisha baba yake, ambaye sasa alikuwa marehemu. Wimbo wa mavuno ulikuwamo mara mbili: mmoja ameuandikia "siku ya sikukuu", mwingine "mazoezi, baba akifundisha". Nikafyeka. Yakabaki majina mawili yaliyofanana kama shilingi kwa ya pili, na hofu ikanipanda. Basi nikaiokoa kaseti ya watu: nikanakili ule wa sikukuu, uliokuwa safi, nikauacha ule wenye vikohozi na kelele za mabenchi.

Aliporudi aliuliza, "Iko wapi ile ya mzee?"

"Mama, wimbo ni mmoja! Nimekuondolea pacha mmoja, wasije wakalana."

Akacheka mpaka akagonga meza. Alidhani namtania. "Haya, mtani wangu, weka basi tusikie."

Nikaweka. Kwaya ikaimba yote, vizuri kabisa, na kicheko chake kikakauka. "Hapa mzee haimbi. Kwa mazoezi ndiyo anawasimamisha, anawaimbia besi peke yake. Sauti yake iko pale tu. Nipe ile ya zamani."

Ile ya zamani nilikwisha kumrekodia dereva mmoja muziki wa dansi, pande zote mbili. Niliivuta kwenye rafu ikawa nzito kuliko gunia la viazi. Akaniomba niipeleke mpaka mwisho kabisa, huenda kimebaki kipande. Gitaa. Nikageuza upande. Gitaa. Nikatamani anitukane, matusi yake ningeyabeba kichwani hadi Kagugu na kurudi. Yeye aliinama tu, sikio karibu na spika, akisubiri.

Nikamweleza habari za nyimbo kulana, na kila neno likinitoka linaniona mjinga.

"Nani alikuambia hivyo?"

"Muuza betri, mama."

Akaitia ile kaseti mpya mkobani.

"Kijana," akasema, "kaseti haijui wimbo unaitwaje. Yale maneno niliyaongeza ili mtu ajue ipi ni ipi."