Nilivyonyoa Uwanja wa Mama

Mwanangu, wacha nikiri mwenyewe kabla hujasikia kwa majirani: mimi ndiye niliyenyoa uwanja wa mama mpaka udongo ukaonekana. Sasa kaa vizuri. Mimi ni mzee wa miaka kumi na sita, nimeona mengi, na shule bado haijafunguliwa.

Nakumbuka ilikuwa Jumatano, hapa kwetu Kisian. Jumamosi yake watu wa Katito walikuwa waje kumposa dada yangu Akinyi, na mama alitaka wakanyage nyasi za kijani. Akaazima mashine ya kukatia, akaniwekea vidole vitatu mbele ya pua.

"Omondi, nyasi ibaki hivi. Usishuke hapo."

Kisha akapanda boda kwenda sokoni Kisumu, simu yake akaiacha kwenye chaji.

Vidole vitatu! Nikapiga hesabu za kivivu: nikikata mpaka chini, kazi hii hainioni tena likizo nzima. Nikashusha kisu cha mashine hadi mwisho. Weh! Mashine ilitafuna nyasi, ikatafuna mizizi, ikaanza kutema mawe. Kufikia saa sita uwanja ulikuwa na kipara kama cha mwalimu wetu wa hesabu, ambaye namheshimu sana. Viti vya kukodi vikaletwa mapema, nikavipanga palepale, nikaketi. Vumbi lilinijaa machoni, machozi yakawa yanatiririka.

Wewe unajua kwetu, mwanangu. Uwanja umefyekwa mpaka udongo, viti vimepangwa siku ya kazi, kijana wa boma ameketi analia: hayo ni matanga, nani atauliza kama ni sherehe? Mama Atieno, jirani yetu, alichungulia juu ya ua, akashika kichwa.

"Uwi! Omondi, mama yako yuko wapi?"

Nilitaka kusema sokoni, lakini vumbi likanikaba, nikakohoa mpaka nikainama. Yeye akaona kilio.

Nusu saa haikuisha. Akina mama wa kanisa walijaa na leso viunoni, sukari mkononi, wimbo umeshaanza. Utaniuliza kwa nini sikusema ukweli. Mwanangu, mmoja alikuwa amenikumbatia, mwingine ameniletea soda baridi. Nilitaka kumaliza soda kwanza.

Hapo Akinyi akatoka ndani, simu mkononi.

"Habari imefika Katito, wameahirisha! Mama mkwe anasema poleni, hawawezi kuleta mambo ya ndoa kwa boma yenye matanga. Eti mpaka mwakani! Omondi, nani amekufa?"

"Nyasi," nikasema.

Hakucheka. Aliketi chini kwenye udongo na nguo yake nzuri, na mwanangu, soda ile nikaiweka chini kabla haijaisha.

Ndipo boda ikasimama langoni, mama akashuka na kikapu cha samaki. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Mama Atieno aliangusha sukari. Mmoja aliondoka kwa kuruka ua, na mguu wake ulikuwa mbovu tangu Pasaka. Mama akatazama viti, akatazama udongo, akanitazama mimi.

Basi shika nasaha ya mzee. Kata ncha tu. Ukiambiwa vidole vitatu, acha vidole vitatu, maana jua la huku ziwani halihurumii ardhi iliyo uchi, na nyasi iliyokatwa hadi mizizi haiamki kwa sababu wageni wako njiani. Ukiona zimerefuka sana, punguza leo kidogo, rudi tena wiki ijayo. Ni kazi mbili, najua, lakini kazi yangu moja ilikaribia kumnyima dada yangu mume. Mungu akupe kisu kilichowekwa juu, mvua ya jioni, na majirani wanaouliza mara mbili.

Na mama? Alichukua simu ya Akinyi, akapiga Katito, macho hayajabanduka usoni pangu, akasema hivi:

"Mama, ni mimi marehemu. Nimerudi na samaki. Jumamosi mje vile tulipanga. Mkifika mtaona kijana anamwagilia udongo maji. Huyo ni wangu. Msimsalimie mpaka nyasi iote."