Kiputo Ndani ya Mpira

Gicheru wa mjini Wamagana hakuwa fundi wa kubahatisha. Alikuwa amejenga misingi miaka kumi na minane, na kifaa chake kikuu kilikuwa mpira mwangavu uliojaa maji: ncha moja hapa, nyingine kule, maji yakilingana basi msingi uko levo. Kazi hiyo ilimpa jina, na jina likampa kiburi.

Mwaka wa 1996 aliitwa karibu na Doldol kuweka msingi wa pampu ya upepo. Ilikuwa na miguu minne, miwili ndani ya bwawa. Maji safi yalikuwa haba, ya kunywa tu, kwa hivyo akaujaza mpira maji ya bwawa, mekundu kama chai ya rangi. Akapima, konkriti ikamwagwa.

Siku ya nne alasiri, akiumwaga ule mpira, aliona kiputo cha hewa kirefu kama kidole kikiteleza ndani. Kiputo hupotosha kipimo, na yale maji mekundu yalikuwa yamekificha. Akapima upya kwa maji yake ya kunywa. Msingi wa mguu mmoja wa majini ulikuwa chini ya mingine kwa inchi nzima, na mnara wa pampu ungekuwa wa futi arobaini; ungeinama.

Alitaka kusema. Lakini mwenye shamba atasemaje? Na Wamagana nzima je? Akajiambia inchi si kitu, akanyamaza.

Asubuhi iliyofuata mnara ukainuliwa kwa kamba. Wa kupanda kufunga gurudumu la upepo alikuwa Nthiga, mume wa dada yake Wakonyo.

"Ngoja nikufunge na kamba ingine," Gicheru alisema.

"Ya nini? Hii msingi si ni yako, shemeji?" Nthiga akacheka, akapanda.

Upepo ukaja. Futi kumi. Ishirini. Chuma kikalia. Akilini Gicheru alimwona Wakonyo amesimama mlangoni pake, na yeye Gicheru ndiye anayempelekea habari za kifo. Hofu ikakishinda kiburi.

"Shuka! Nthiga, shuka! Msingi haiko sawa!"

Nthiga alishuka hatua kwa hatua mpaka viatu vyake vikagusa ardhi.

"Umejua saa hii?"

"Jana."

"Jana?"

"Jana alasiri."

Nthiga hakumtukana. Afadhali angemtukana.

Msingi ulivunjwa, ukajengwa upya, na wawili hao wakafanya kazi pamoja miaka mingi. Ila kila mara, kabla ya kupanda, Nthiga aliuchukua mpira, akaujaza maji safi mwenyewe, akapima mwenyewe. Gicheru alimshikia ncha ya pili.