Kompaila Iliyosema Mkesha wa Juhannus

Helka Rautajoki hajui kutulia. Hufikiri kwa miguu, akizunguka ofisi yetu ya Tampere, Finland, na soksi zake za sufu mpaka sisi wengine tunashikwa na kizunguzungu. Kazi yake ni kuidhinisha programu zinazoendesha mageti ya vivuko vya ziwani, na bila neno lake hakitoki kitu. Mwaka jana alizuia kazi kwa wasiwasi mtupu. Tarmo, mkuu wetu, hajalisahau hilo.

Mkesha wa Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, hakuna anayetaka kubaki mjini. Tulikuwa tunaunda programu ya kivuko kimoja, itumwe, twende zetu. Kompaila, ile inayogeuza maandishi yetu kuwa amri za mashine, ikaishia na lalamiko: kuna agizo la kunyamazisha maonyo nisilolitambua. Tarmo akalifuta agizo. Lalamiko likatoweka, alama ya kijani ikawaka.

"Haya jamani, kwaherini! Soseji zinaningoja."

"Hebu ngoja," Helka akasema. "Agizo hilo ni la kompaila yetu ya zamani. Hii mpya haijawahi kulijua, na miaka yote imelipokea kimya. Kwa nini leo imesema?"

"Imechoka kama mimi. We mama, umeanza tena?"

"Haisemi ovyo, Tarmo. Agizo la kunyamazisha isilolijua huliacha lipite tu. Ikiwa na jambo jingine la kuonya, hapo ndipo inakutajia na agizo, isije ikawa ulitaka linyamazishe jambo hilo. Sasa hilo jambo jingine liko wapi?"

"Sikiliza. Ukikosea na leo, kazi ya kuidhinisha nampa mtu mwingine."

Kusema kweli nilimchukia saa ile. Sauna ya shemeji yangu, bafu lake la mvuke, ilikuwa imeshawashwa, na huyu anatafuta mchawi! Helka alikuwa anarudi juu kwenye skrini, mstari kwa mstari, mguu ukimchezacheza.

"Hili hapa."

Onyo lilikuwepo tangu mwanzo, na baada ya Tarmo kufuta lilibaki palepale, maana onyo peke yake halizuii alama ya kijani. Programu ilisoma hali ya geti kabla haijapewa hali yoyote. Kivuko kingeweza kuamini geti limefungwa huku liko wazi, na magari yamejaa ndani.

"Nani kaandika upuuzi huu?" Tarmo akauliza.

Kwa mara ya kwanza nilimwona Helka amesimama tuli.

"Mimi. Nilikuwa naharakisha, niwahi sikukuu." Akamgeukia Tarmo. "Kwa hiyo mpe mtu mwingine hiyo kazi."

"Nimpe nani?" Tarmo akasema. "Mimi niliyelifuta agizo? Au huyu hapa," akaninyooshea kidole, "keshabeba begi?"