Dua Iliyogeuka Mhadhara

Alhamdulillahi, aibu hii imenipata ningali hai, nikaweza kuomba radhi. Wanafunzi wa chama cha historia chuoni, hapa Kilwa Masoko, waliniomba niwafungulie kikao kwa dua. Kwetu mzee haombwi jambo kubwa waziwazi, kwa hiyo nikaamini dua ni adabu tu, wanachotaka ni mhadhara. Nilijiandaa siku tatu, nisije nikaonekana mzee wa kuitikia amina tu.

Nilipomaliza dua nikaingia kwenye historia ya masultani wa Kilwa. Mwenyekiti wao, binti mpole, akaninong'oneza, "Babu, muda."

"Usijali, mwanangu, leo ninao mwingi."

Mstari wa mbele mama mmoja alikuwa akitazama saa. Nikamwambia kwenye kipaza sauti, "Mama, tulia, Wajerumani bado hawajafika." Ukumbi ukacheka, nami nikazidi kunoga.

Wajerumani walipofika, mama akasimama na begi lake. "Shikamoo, Sheikh. Basi langu la Lindi linaondoka."

"Marahaba, nenda salama. Kwani ulikuja kwa nani?"

Mwenyekiti akajibu akiwa ameinamisha kichwa, "Ndiye mgeni wetu, Babu. Alikuja kutoa mhadhara."