Ukuta wa Shiromani

Mtungi wa gesi ya klorini ulipovuja bandarini Mutsamudu, miaka ile mamluki wa kigeni walipotawala visiwa vyetu, tulimbeba kuli mwenzetu hadi penye upepo, akikohoa kiasi cha kutikisa ngome kongwe ya mji. Shule ya usiku ilinifundisha kwamba nguo zilizoshika gesi huvuliwa upesi, mwili ukaoshwa. Lakini mama mkwe wake alikwishafika na wanawake wa mtaa mzima. Nani amvue mtu mbele ya mkwewe? Tukaganda.

“Wanangu, mnangoja afe na heshima zake?” alifoka mkwe huyo. Akatugeuzia mgongo, akatandaza shuka lake la shiromani, lile wanawake wetu hujifunika kuanzia kichwani, na wanawake wote wakafuata. Nyuma ya ukuta huo tulimmwagia maji ya kujaza bahari ya pili. Pumzi zilipomrudia, aliomba suruali.

Hata mjini Moroni, penye hospitali kubwa, nawatambia wenyeji: hospitali yetu ilikuwa ya shiromani.