Fagio Hampiti Mtu

Nazzareno Marcozzi aliwajua watu wa Monteverardo kwa migongo yao. Nyuso aliziona kanisani na baa kama kila mtu, lakini mgongo wa mtu anayepanda mlima kwa baiskeli haujui kujifanya, na migongo hiyo yeye aliitazama kila Jumapili tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Katika kundi letu la baiskeli, yeye ndiye aliyekuwa Fagio.

Kazi ya Fagio ni kukaa nyuma ya wote. Vilima vyetu vimepangwa bila huruma. Hujamaliza kuteremka kimoja, kingine kimeshakusimamia usoni, na vibarabara vyenyewe vinapita katikati ya mashamba ambako unaweza kupata pancha asubuhi na asipite mtu mpaka saa ya chakula. Basi mwenye pumzi hutangulia, mchovu hubaki, na Fagio hukaa nyuma ya huyo mchovu, hata kama amesimama kutapika. Juu kabisa, kwenye kanisa dogo la Mlima wa Kinu, wengine husubiri. Hawana haja ya kuhesabiana. Wakimwona Fagio ametokeza kwenye kona, wanajua hakuna aliyebaki barabarani, wanasokomeza magazeti kifuani kuzuia upepo na kuanza kuteremka. Sheria ni moja tu, hata padri anaijua: Fagio hampiti mtu.

Shida ni kwamba Nazzareno alikuwa amechoka. Haukuwa uchovu wa kulala ukaamka mzima. Miaka yote aliyosimama kiwandani mbele ya mashine ya kukata soli za viatu ilikuwa imeshuka polepole na kutua magotini. Aliamka amechoka, alivaa soksi amechoka, na akifika baa tayari anatamani kurudi. Lakini alikwenda. Mkewe, Assunta, Jumapili hataki mtu jikoni, na sebuleni kuna saa ya ukutani na kiti. Kiti hicho Nazzareno alikiogopa kuliko mlima wowote. Asipokuwa Fagio, alijua ndiko atakakoishia.

Asubuhi hiyo ya Oktoba, Gilberto, mwenye baa na mkuu wa kundi, alimsukumia kikombe cha kahawa na kujikohoza.

"Mzee wangu, msimu ukiisha tukae tuzungumze."

"Tuzungumze nini? Kama ni mazishi yangu, kamwulize Assunta."

"Watu wanaganda kule juu wakikungoja, ndugu yangu. Jasho linawakaukia mgongoni. Na mimi mke wangu anapakua tambi saa saba. Jumapili iliyopita nimekula na paka."

"Mimi simcheleweshi mtu. Fagio anakwenda mwendo wa aliye mbele yake. Mkaripieni Loredana, ndiye anayejikokota kama gunia la viazi."

Loredana, mdogo wake Assunta, alikuwa papo hapo ameinama anafunga viatu. Aliinua kichwa.

"Haya, nikaripieni. Si mnaona shemeji yangu anavyofurahi? Nyumbani hana wa kumsema, dada yangu hamruhusu."

Baa nzima ilicheka, na Gilberto akaliacha lile neno. Nazzareno alitoka nje na nafuu kidogo moyoni. Shemeji mvivu alikuwa amemwokoa tena.

Kundi lilimpotea mapema kuliko kawaida. Kabla ya daraja alikuwa tayari haoni mtu ila Loredana, mbele yake kidogo, akienda taratibu. Mizabibu ilikuwa imeshavunwa, na mabua ya alizeti yalisimama meusi pande zote mbili za barabara. Hakupita hata trekta. Nazzareno alikuwa akizipenda sana barabara hizo kwa sababu ya kimya chake. Siku hizi kimya kilimfanya ajisikie anavyohema, na hakupenda alichokisikia.

Katikati ya Mlima wa Kinu kuna bomba la maji la mawe. Loredana alisimama hapo, kama alivyosimama kila Jumapili.

"Shemeji, ningoje nijaze chupa. Mlima huu utaniua."

"Jaza tu," alisema Nazzareno, au alijaribu kusema. Alilaza kichwa kwenye usukani mpaka dunia ikaacha kuzunguka. Alipokiinua, Loredana alikuwa ukutani akijinyoosha miguu. Akamwonea huruma. Mwanamke wa watu amechoka, naye kutwa anamsema. Alitoa chupa kwenye baiskeli ya shemeji yake ili amjazie yeye.

Ilikuwa nzito. Alipoifungua, maji yalimwagika vidoleni. Ilikuwa imejaa mpaka mdomoni.

Akaitazama baiskeli. Mnyororo ulikuwa kwenye gia nzito, gia ambayo yeye hajaigusa mlimani siku nyingi. Akamtazama Loredana mgongoni. Jezi ilikuwa kavu kama imetoka kabatini.

"Imejaa," alisema.

Loredana aliacha kujinyoosha.

"Tangu lini?" aliuliza Nazzareno.

"Tangu Pasaka."

"Assunta ndiye kakutuma?"

"Assunta alisema nisikuache peke yako barabarani, basi. Haya ya chupa nimeyatunga mwenyewe."

"Na mimi nazunguka nakusema baa."

"Umenisema sana, shemeji. Gunia la viazi leo si mara ya kwanza."

"Mbona hunijibu?"

"Ningekujibu vipi bila wewe kujua?"

Kwanza zilimjia hasira, kwa Assunta, kwa huyu hapa, kwa magoti. Hazikukaa. Alikuwa amechoka mno hata kukasirika. Kilichobaki ni aibu, na aibu yenyewe haikutokana na kudanganywa. Mtu aliyesoma migongo maisha yake yote hawezi kufuata mgongo usiohema kuanzia Pasaka mpaka Oktoba asiuone. Aliuona. Kila alipouona aliyageuzia macho mashamba na kusifu zabibu za watu.

Alirudisha chupa mahali pake, akapanda baiskeli kwa shida, akampita Loredana.

"Shemeji," Loredana alimwita. "Fagio hampiti mtu."

"Ndiyo, hampiti mtu. Kwa hiyo kaa huko huko nyuma."

Alipanda. Alisikia mnyororo wa mwenzake ukimfuata, si karibu, si mbali, vile vile ambavyo yeye alikuwa akiwafuata watu. Akakumbuka kwamba sasa mgongo unaotazamwa ni wake. Akaunyoosha. Alikwenda hivyo kona moja, amejikaza kama anapigwa picha, halafu akauacha uiname unavyotaka. Machozi yalimlenga, akayapangusa kwa glavu.

Juu kwenye kanisa, vijana walikuwa wakirukaruka kwa baridi. Jezi yake ya njano ilipotokeza tu kwenye kona, mambo yakawa kama siku zote. Magazeti yakaingia vifuani, Gilberto akafunga kofia, na wa kwanza wakaweka mguu kwenye pedali.

"Haya, tumetimia," alisema Gilberto. "Twendeni, tambi zinapoa."

Nazzareno alishuka. Aliegemeza baiskeli ukutani na kukaa kwenye ngazi za kanisa, ngazi ambazo wengine wote walizikalia kila Jumapili na yeye hajawahi kuzikalia hata mara moja.

"Tulieni kwanza," alisema. "Fagio bado yuko nyuma."